Kiingilio kama Sehemu ya Tamthilia: Kiti cha Mtazamaji wa Dandora

Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umepiga hatua kubwa tangu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilipochapishwa mwaka 1969. Wahakiki wameyachambua maudhui, wamepima ujenzi wa wahusika, na wamebishana kuhusu deni la mtunzi wa Afrika Mashariki kwa Aristotle au kwa Brecht. Hata hivyo, karibu kazi hizo zote huanzia pale mchezo unapoanza. Yale yanayotokea mlangoni kabla ya hapo, yaani mtu kutia mkono mfukoni, kutoa fedha na kupewa kipande cha karatasi, huachiwa mhasibu wa ukumbi.

Makala haya yanashikilia kwamba kuuacha mlango nje ya uhakiki ni kosa la kinadharia. Kiingilio huamua ni nani ataketi. Anayeketi naye huamua, kwa kucheka kwake, kwa kunyamaza kwake na hata kwa lugha anayoielewa, ni jambo gani linaweza kusemwa jukwaani na kwa namna gani. Ikiwa ni hivyo, basi bei ya tiketi ni sehemu ya fani ya mchezo kama zilivyo taa na maleba, na swali la nani hulipia kiti ni swali la mhakiki pia. Swali hilo litachunguzwa kwa kuutazama mji wa Nairobi kutoka upande wake wa mashariki, katika mtaa wa Dandora, na kwa kuvifikiria vile vikundi vidogo vya waigizaji ambavyo, kabla ya kukariri neno moja, hulazimika kuchangisha fedha ili jirani zao waweze kuingia.

Dandora na njia ya kwenda ukumbini

Dandora ni mtaa uliozaliwa kutokana na hesabu. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na Halmashauri ya Jiji la Nairobi zilikubaliana juu ya mradi wa viwanja na huduma. Viwanja vipatavyo 6,000 vilipimwa, vikawekewa maji, mabomba ya majitaka na barabara, na wenye kipato kidogo wakapewa wajijengee nyumba zao hatua kwa hatua. Wazo la mradi lilikuwa kwamba dola itoe msingi, na mwananchi amalizie kwa nguvu zake. Katika muongo huohuo ndipo jaa kuu la taka za jiji lilipofunguliwa kando ya mtaa. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado linapokea taka.

Mkazi wa mtaa huu akitaka kuona tamthilia mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 10 hadi Ukumbi wa Taifa. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ukaelekeana na hoteli ya Norfolk, karibu na mahali ambapo mwaka 1922 waliodai kuachiliwa kwa Harry Thuku walipigwa risasi. Ulikusudiwa hadhira iliyofika kwa gari lake. Mpango huo wa mji haujabadilika sana tangu wakati huo. Onyesho la usiku humalizika saa ambayo mama mwenye kibanda cha mboga anawaza atakavyoamka alfajiri. Nauli ya matatu hupanda jioni, na hupanda tena mvua inyeshapo. Akiwa na watoto wawili, nauli ya watu watatu kwenda na kurudi huenda ikaizidi bei ya tiketi yenyewe.

Kwa hiyo, neno "bei nafuu" lisichukuliwe kijuujuu. Bei ya kweli ya tamthilia ni jumla ya tiketi, nauli, saa za kazi zilizopotea na hofu ya njia ya usiku. Ukumbi unaopunguza ya kwanza bila kuzigusa tatu zilizobaki umewapunguzia wale ambao tayari wangefika. Kosa hili limefanywa mara nyingi kwa nia njema. Hutolewa tiketi za bei ya chini, viti hubaki vitupu, kisha husemwa kwamba watu wa mitaa ya mashariki hawapendi sanaa. Historia ya muziki wa Dandora yenyewe inaikanusha kauli hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka, na baadaye Ukoo Flani Mau Mau, walitoka mtaani humo na mashairi mazito ya Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, nao wakasikilizwa na umma mkubwa wa vijana. Hadhira ya maneno mazito ipo Dandora, na inachokosa ni mlango ulio karibu nayo.

Malipo katika desturi

Hapana budi kuuliza kama kulipa mlangoni ndiyo namna pekee ambayo hadhira ya Kiswahili imejua kuilipa sanaa. Jibu ni kwamba sivyo. Katika utegaji wa vitendawili, anayeshindwa kutegua huombwa atoe mji, naye akishautoa ndipo hupewa jibu. Huo ni mchezo tu, lakini ndani yake mna kanuni: hadhira hulipa kwa sababu imekwishashiriki na kushindwa, wala hailipi ili iruhusiwe kushiriki. Katika taarabu, mtazamaji huinuka kwenda kumtuza mwimbaji pale ubeti unapomgusa. Malipo yake ni tamko la uhakiki. Kila mtu ukumbini huona ni ubeti gani uliotuzwa, huona aliyeutuza, na mara nyingi hukisia anayesemwa. Ngoma za arusi na za jando nazo hugharimiwa na mwenye shughuli, na majirani huja kwa haki ya ujirani.

Kwa kifupi, desturi hizi zinajua malipo ya baada, malipo ya katikati na malipo ya mwenyeji. Malipo ya kabla, yanayotolewa na mtu mmoja mmoja kwa kitu asichokiona bado, yalienea pamoja na jengo lenye mlango mmoja na mlinzi. Jambo hili halimaanishi kwamba tiketi ni haramu katika sanaa za Kiafrika. Linamaanisha tu kwamba tiketi ni fani mojawapo miongoni mwa fani za malipo, na kwamba msanii ana hiari ya kuchagua.

Wala si Afrika peke yake iliyotatizwa na mlango. Katika Athens ya kale kulikuwa na mfuko wa umma ulioitwa theorikon, uliowawezesha raia maskini kulipia viti katika sikukuu za maigizo. Mfuko huo ukawa chanzo cha ugomvi mkubwa wa kisiasa. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Demosthenes alitaka fedha zake zielekezwe katika vita dhidi ya mfalme Philip wa Makedonia. Ubishi wa Athens ulihusu iwapo kutazama mchezo ni sehemu ya uraia au ni anasa ya kukatwa kwanza mambo yanapokuwa magumu, na ubishi huo bado haujakwisha katika bajeti yoyote ya Afrika Mashariki. London ya Shakespeare nayo iliwaruhusu waliosimama uwanjani mwa Globe kuingia kwa peni moja. Hao waliosimama ndio waliomlazimisha mtunzi kuchanganya mizaha ya walevi na huzuni za wafalme, kwa kuwa wangechoka na kupiga kelele kama angewasahau. Mchanganyiko huo wahakiki huusifu kama kipaji cha mtu mmoja. Yafaa ukumbukwe pia kama tunda la peni moja.

Dar es Salaam ya miaka ya 1980 inatoa mfano ulio karibu zaidi. Vikundi kama Muungano viliishi kwa kiingilio cha mlangoni, vikionyesha katika mabaa na kumbi za burudani. Kwa tiketi moja mtazamaji alipata ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Wasomi wa chuo mara nyingine waliuona mseto huo kuwa ni ukosefu wa umakini. Lakini mtu aliyetoa fedha chache alizo nazo alitaka usiku mzima, na fani ikatanuka kumridhisha.

Bure ya chuo

Jaribio la kwanza kubwa la kuuondoa mlango katika tamthilia ya eneo hili lilifanywa na vyuo vikuu. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere walianza safari za maonyesho wakipita miji na vijiji vya Uganda na Kenya, wakiigiza kwa Kiingereza, Kiganda, Kiswahili na lugha nyinginezo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikaanzisha kikundi chake cha maonyesho ya bure ya kusafiri. Neno "bure" lilikuwa sehemu ya jina rasmi la vikundi vyote viwili, jambo linaloonyesha kwamba waanzilishi walijua kuwa kiingilio ndicho kilichokuwa hoja.

Athari ya uamuzi huo katika fani ilikuwa kubwa. Kikundi kinachosafiri na kinachowakusanya watu uwanjani hakiwezi kubeba sebule ya Kizungu yenye makochi. Kinahitaji michezo mifupi, sauti zinazosikika penye upepo, na mwili unaosema hata pale neno lisipoeleweka. Kadhalika, lugha za wenyeji ziliingia jukwaani si kwa sababu ya azimio fulani bali kwa sababu watu waliosimama uwanjani wangeondoka kama wasingeelewa.

Hata hivyo, bure hiyo ilikuwa na mpaka wake. Fedha zilikuwa za chuo, na waigizaji walikuwa wanafunzi waliokuwa likizoni. Muhula ulipoanza, gari liliondoka na tamthilia ikaondoka nalo. Mwanakijiji hakulipa chochote, lakini hakubaki na chochote pia isipokuwa kumbukumbu. Alikuwa mgeni katika sherehe ya mtu mwingine iliyofanyiwa nyumbani kwake.

Kamĩrĩĩthũ: hadhira iliyojenga viti vyake

Tofauti ya Kamĩrĩĩthũ inapaswa kuelezwa kutokana na hapo. Mara nyingi husemwa kwamba umuhimu wa Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuongozwa na Kimani Gecau, upo katika lugha ya Gĩkũyũ na katika dhamira yake ya ardhi na unyonyaji. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Wakulima na wafanyakazi wa Limuru waliujenga wenyewe ukumbi wa wazi ulioweza kuchukua watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanywa hadharani, na waliopita walikosoa mazungumzo, wakarekebisha nyimbo na kusahihisha namna ya kushika jembe. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, gharama iliyo nzito kuliko zote, yaani ya ukumbi na ya miezi ya matayarisho, ilikuwa imekwishalipwa kwa jasho la haohao waliokuja kutazama.

Hapo ndipo penye jambo jipya. Katika Ukumbi wa Taifa mtazamaji hununua haki ya kukaa katika kiti cha mtu mwingine. Limuru aliketi katika kiti alichokijenga, akatazama maneno aliyoyasahihisha. Dola ililielewa hilo upesi kuliko wahakiki. Kibali kiliondolewa tarehe 16 Novemba 1977, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kikundi hicho kilipoiandaa Maitũ Njugĩra kwa ajili ya Ukumbi wa Taifa, mlango ulifungwa. Mazoezi yakaendelea chuoni Nairobi katika mwezi wa Februari, yakiwa wazi kwa yeyote, na maelfu ya watu wakayafuata usiku baada ya usiku. Kwa kunyimwa ukumbi na kibali, kikundi kilipata hadhira ambayo Ukumbi wa Taifa usingeweza kuitosheleza viti. Mwezi wa Machi kituo cha Kamĩrĩĩthũ kikapigwa marufuku na ukumbi ukabomolewa.

Kuna funzo chungu hapa. Ni dhahiri kwamba mchango wa hadhira haukuilinda tamthilia dhidi ya dola. Ukumbi uliojengwa kwa mikono ulivunjwa upesi kuliko ambavyo ungevunjwa ukumbi wa mfadhili wa kigeni. Anayetetea mifuko ya umma kwa kudai kwamba itawapa wasanii usalama anajidanganya. Linaloweza kudaiwa ni dogo zaidi, nalo ni kwamba mchango huo huwapa wasanii na hadhira kitu chao wenyewe, ambacho kikiangushwa kila mtu anajua kilichoanguka na kilikuwa cha nani.

Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani, safari hii ndani ya Ukumbi wa Taifa wenyewe, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Ushindi huo ulistahili kusherehekewa. Lakini mhakiki anayeuona mlango kuwa sehemu ya mchezo hana budi kusema kwamba maneno yaleyale, yakisemwa mbele ya watu waliofika mjini na kukata tiketi, yaliufanya mchezo mwingine. Mwaka 1977 Kĩgũũnda alikuwa jirani wa watazamaji. Mwaka 2022 alikuwa mhusika mashuhuri wa historia.

Mtihani kama mlipaji

Tamthilia ya Kiswahili yenyewe imepata mlipaji wa pekee nchini Kenya, naye ni mtihani. Vikundi vidogo vya waigizaji husafiri shule kwa shule na kukodi kumbi za jamii ili kuwaigizia watahiniwa kitabu teule. Kwa njia hii Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Arege zimetazamwa, kila moja katika zamu yake, na vijana wengi kuliko tamthilia yoyote iliyoonyeshwa katikati ya jiji. Wasomi wasiudharau ukweli huo. Kijana wa Dandora aliyewahi kuketi mbele ya mchezo wa kuigiza wa Kiswahili huenda aliketi hapo akiwa na sare ya shule.

Lakini mtihani nao hudai chake. Maonyesho ya aina hii mara nyingi huelemea maswali yanayotazamiwa: dhamira hutamkwa badala ya kuoneshwa, mhusika hujieleza kama mwongozo wa mwalimu, na kila onyesho hukatwa pale jibu linapopatikana. Tena mtihani hulipia kiti cha kijana pekee. Mama yake, ambaye ndiye aliyetoa fedha, habahatiki kuona. Mwaka kitabu kinapobadilishwa, mchezo hufa siku hiyohiyo, uwe mzuri au mbaya.

Hasara yake inaonekana vizuri katika Mstahiki Meya. Katika mji wa Cheneo wafanyakazi wa baraza wamegoma, takataka zinarundikana na harufu inaenea, hospitali haina dawa, huku Meya Sosi akihangaikia sura ya mji mbele ya wageni. Darasani uvundo huo hufundishwa kuwa ni ishara ya uozo wa uongozi. Fasiri hiyo ni sahihi, nayo itamletea mtahiniwa alama. Sasa mchezo huohuo uhamishiwe Dandora, katika ua ulio karibu na jaa, upepo ukivuma kutoka huko. Uchunguzi wa UNEP wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo na kukuta kwamba takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Kwa hadhira kama hiyo uvundo wa Cheneo hauhitaji kufasiriwa. Pengine hata swali la mchezo hubadilika: kwa mtu wa Cheneo taka ni dalili ya baraza kushindwa kufanya kazi, ilhali kwa mtu wa Dandora taka hufika kila siku kwa sababu baraza linafanya kazi, yaani linazizoa kwingine na kuzileta kwake. Fasiri hii ya pili imo ndani ya maandishi ya Arege, lakini haijapata mahali pa kusikika kwa kuwa walioweza kuisema hawakuwa na kiti.

Mfadhili na makombo

Mlipaji mwingine ni mfadhili. Tangu miaka ya 1990 mashirika mengi yamevilipa vikundi vya mitaani kuigiza juu ya UKIMWI, upigaji kura, usafi na amani. Hadhira haitozwi. Kwa vijana wengi wenye kipaji hicho kilikuwa, na bado ni, chanzo pekee cha posho ya uigizaji, na si haki kuwabeza. Hata hivyo, mchezo wa namna hii hujulikana mwisho wake kabla haujaanza, kwa sababu mwisho umeandikwa katika ombi la fedha. Mlevi ataacha pombe, na mgonjwa atakwenda kituo cha afya. Hakuna atakayeuliza kwa nini kituo hicho hakina dawa, maana swali hilo halikugharimiwa.

Tamthilia iliyolichunguza tatizo hili kwa undani zaidi ni Kigogo yenyewe. Inaanza karakanani, miongoni mwa wachongaji katika soko la Chapakazi. Utawala wa Majoka unataka kinyago cha shujaa kwa ajili ya sherehe ya uhuru, na unaahidi malipo mema. Sudi anakataa kuchonga. Inapoletwa keki ya sherehe, wenzake wanaila, naye anaiona kuwa ni makombo. Wahakiki wengi wamemsoma Sudi kama kielelezo cha uzalendo, na hilo halina ubishi. Ila Pauline Kea hakumwachia ushujaa wa bei rahisi. Ashua, mkewe, anawatazama watoto wenye njaa, na umaskini wa nyumba hiyo ndio unaomsukuma hadi mbele ya Majoka na hatimaye kizuizini. Kukataa kwa msanii kumelipiwa na mtu mwingine.

Huu ndio mtihani wa kila kikundi kidogo. Kikundi kikipokea fedha zenye masharti, kinachonga kinyago cha mwenye fedha. Kikikataa bila kuwa na njia nyingine, kinaishi kwa njaa ya akina Ashua. Sifa ya usafi wa sanaa ambayo haiulizi nani alipika jikoni ni sifa ya watu walioshiba.

Mfuko wa tiketi

Njia iliyobaki ni ya kuchangisha kutoka kwa wengi ili wengi waingie. Hesabu yake yafaa iwekwe wazi. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba onyesho moja lina gharama ya shilingi 40,000 pamoja na posho ya waigizaji, na kwamba ua una nafasi ya watu 200. Bila msaada, kila mtu angelipa shilingi 200. Mfuko ukitoa shilingi 30,000, kiingilio kinashuka hadi shilingi 50. Maana yake ni kwamba robo tatu ya kila kiti, au viti 150 kati ya 200, vimelipiwa na mfuko. Fedha hizo zikitoka kwa mtu mmoja, ni kama mtu huyo ameketi katika viti 150 bila kuonekana, na mwigizaji atamsikia akikohoa. Zikitoka kwa watu 300 waliotoa shilingi 100 kila mmoja, hakuna hata mmoja kati yao mwenye sauti kubwa ya kumzidi mama wa mboga aliyelipa shilingi 50. Kwa hiyo ukubwa wa mfuko una umuhimu mdogo kuliko idadi ya mikono iliyoujaza.

Itasemwa kwamba harambee imewachosha Wakenya, na kwamba mara nyingi iligeuzwa kuwa jukwaa la wanasiasa kujionyesha. Lalamiko hilo ni la haki. Mchango unaosomwa kwa majina na viwango ni aina nyingine ya kununua viti. Mfuko wa tiketi unapaswa kuwa kinyume cha hapo: michango midogo, hesabu inayobandikwa ukutani kila baada ya onyesho, na hakuna kiti cha mbele kilichowekewa mtu. Aidha, si lazima kiingilio kiondolewe kabisa. Anayelipa shilingi 50 amepata haki ya kulalamika kwamba mchezo ulikuwa mbovu, haki ambayo mpokeaji wa bure huona haya kuitumia. Na yule asiye na 50 anaweza kuangukia katika desturi ya zamani ya kutuza mwishoni, kwa kiasi alichoguswa na alicho nacho.

Uchache wa fedha hizi nao si lazima uwe laana kwa fani. Kikundi cha waigizaji sita hakiwezi kuwa na mwigizaji kwa kila mhusika. Mmoja atakuwa diwani, kisha mfanyakazi, kisha mgeni, kwa kubadilisha kofia na sauti. Huo ndio ufundi wa mtambaji wa ngano, ambaye peke yake huwa sungura, fisi na simba, na watoto hawachanganyikiwi kamwe. Tamthilia ya Kiswahili ilipoiga ukumbi wa pazia iliuacha ufundi huo. Umaskini wa kikundi kidogo unaweza kuurudisha. Mahali pa kuchezea nako kupo. Nyumba za Dandora zilipangwa kuzunguka nyua za pamoja, na katika miaka ya 2010 vijana wa Dandora Transformation League walionyesha jinsi ua uliojaa taka unavyoweza kusafishwa, kupakwa rangi na kuwa mahali pa watu kukutana. Ua ukichezewa mchezo saa kumi alasiri ya Jumapili, nauli na hofu ya njia vinakuwa vimeondolewa, na saa za kazi zilizopotea ni chache. Kinachobaki ni tiketi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kila mlipaji huandika sehemu ya mchezo. Chuo kiliandika ufupi na wepesi wa kusafiri, mtihani ukaandika majibu, na mfadhili akaandika mwisho mwema. Kamĩrĩĩthũ peke yake ndiko hadhira ilikoandika, nako kulivunjwa. Uhakiki unaopuuza mambo haya utaendelea kuwasifu au kuwalaumu watunzi kwa mambo ambayo yaliamuliwa mlangoni.

Kazi mbili zinawakabili wasomi wa fasihi. Ya kwanza ni kuuingiza mlango katika uhakiki, yaani kila mchambuzi wa onyesho aandike pia bei yake, mahali pake, saa yake na waliokuwapo. Ya pili ni ndogo kwa gharama lakini ni ngumu kwa mazoea. Idara zinazofundisha Mstahiki Meya na Kigogo ziko mwendo wa matatu moja au mbili kutoka Dandora. Mhadhiri anaweza kwenda huko Jumapili alasiri, akalipa shilingi zake 50, akaketi nyuma, na kusikiliza ni mahali gani katika mchezo ambapo watu wa jaa hucheka. Fasiri za namna hiyo bado hazimo katika miongozo iliyochapishwa.